Sanduku la Maneno ya Siri la Mama Furaha

Ninyi vijana munafungua simu kwa kuionyesha uso tu. Hongera. Hata mbuzi wa jirani anautambua uso wa mutu anayemulisha, lakini yeye hajisifu. Mimi nilikula mukate kwa kazi ambayo leo hamuna hata jina la kuiita: nilikuwa mutunza maneno ya siri ya watu wengine. Sikuwa padri wala mupelelezi. Nilikuwa fundi wa komputa katika duka la Ba Chanda, Kashikishi, upande wa Zambia, kando ya ziwa, karibu na soko la samaki.

Nasema nimestaafu kwa sababu hakuna neno lingine la heshima kwa mutu wa miaka arobaini na kitu ambaye kazi yake imekufa mbele yake. Pensheni yangu ni miguu. Leo niko Mwansabombwe, mwezi uliopita nilikuwa Chisenga nikila samaki wa watu, na jirani wakianza kuzoea jina langu nafunga mufuko. Lakini nikipita Kashikishi nasimama palipokuwa duka letu. Siku hizi wanauza vifuniko vya simu pale. Vizuri sana. Kila muji unahitaji vifuniko.

Ba Chanda alikuwa Mubemba wa ziwani. Mbele aliuza nyavu na ndoano, nyuma aliweka komputa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei, uzito na matusi. Ndiye aliyenifundisha kazi, na somo lake la kwanza lilikuwa fupi: "Mutu akiandika password, wewe angalia nyavu." Nilifahamu nyavu zile kuliko wavuvi.

Sasa muelewe shida yetu, maana ninyi mumezaliwa juzi. Kwetu mutu akizaa, jina lake linakufa. Upande wa Congo anakuwa Mama Furaha, Papa Ngoy. Upande wa Zambia anakuwa BanaMwewa, BashiMwewa, yaani mama wa Mwewa, baba wa Mwewa. Ukimuita mama wa watu kwa jina lake la ubatizo, wote wanajua munagombana. Basi mutu kama huyo anakaa mbele ya komputa, na komputa inamuomba achague neno la siri. Atachagua nini? Jina la mutoto wake wa kwanza. Na kwa sababu mashine inapenda namba, anaongeza moja, mbili, tatu. Kisha anatoka inje, na soko zima linamusalimia kwa neno lake la siri. Nilikuwa nikimuona BanaMwewa akipita na beseni la chisense, dagaa wa ziwani, kichwani, wauza samaki wote wakiita ufunguo wake toka mwanzo wa soko mpaka mwisho, naye anaitika kwa furaha.

Wale wenye akili zaidi walichukua jina la mutoto wa pili.

Tena kulikuwa na adabu. Ile brauza ya kufungulia mutandao ilikuwa inauliza kwa upole: je, nikukumbukie neno hili? Kwetu mutu akijitolea kukusaidia, hukatai, utaitwa mwenye kiburi. Kila muteja alibonyeza ndiyo. Siku moja mwalimu wa katekisimu alikuja kutafuta matokeo ya mutihani wa mutoto wake, akajikuta ndani ya barua za mufanyabiashara mumoja wa samaki. Alikuja kwangu amekasirika.

"Fundi, yule bwana anaandikia banamuke maneno machafu."

"Umesoma barua ngapi, Mwalimu?"

"Zote. Nilitaka kuwa na hakika."

Ba Chanda akachoka. Kwanza alijaribu sanduku la maneno ya siri linalokaa mbali, kwenye mutandao. Lilikuwa jambo la maana sana kwa watu wenye mutandao. Wetu ulikuwa kama mujomba wa Lubumbashi: unafika bila taarifa, unakula, unaondoka. Tukipata dakika chache za mutandao, zote ziliisha tukibembeleza sanduku lifunguke, na muteja anaenda nyumbani bila kuona barua yake. Tukaliacha.

Kisha akaleta kutoka Mansa, ndani ya flashi, programu ya aina nyingine, inayokaa ndani ya komputa yenyewe. Haiombi mutandao. Haimuombi ruhusa mutu yeyote wa ng'ambo. Kila muteja anatengenezewa sanduku lake, na kila sanduku lina ufunguo wake mukubwa ambao ni mwenyewe tu anaujua. Ndani yake programu inatunga maneno ya siri marefu, ya ovyo, yasiyosomeka, na wewe huna haja ya kuyajua. Ukitaka kuingia mahali, unafungua sanduku, unanakili, unabandika. Nakala ya sanduku unaiweka kwenye flashi nyingine, nyumba nyingine, maana komputa nayo inakufa kama kuku, bila kuaga.

Tulijivuna sana. Tukawaeleza wateja. Hakuna hata mumoja aliyelitaka. "Sisi tunataka kitu tunachokifahamu," walisema, wakaendelea kujifungia kwa majina ya watoto wao. Programu ikakaa pale bila kazi, mpaka siku ya Mama Furaha.

Mama Furaha alivuka toka Congo na watu wa Pweto, akapita kambi ya Kenani kama wengine wote, akapewa shamba kwenye makao ya wakimbizi. Mume wake alikuwa amekwisha kufariki. Siku za soko alileta mihogo na maboga, akimaliza kuuza anapita kwetu kuangalia imeili. Binti yake, Furaha, alikuwa amemaliza sekondari na alikuwa amepewa nafasi kwenye chuo cha manesi, mbali na ziwa. Kwa kuwa binti hakuwa na anwani, maombi yote yalipita kwenye anwani ya mama. Neno la siri la anwani ile sitawaambia. Mutabuni wenyewe.

Jumanne moja akaja na binti yake. "Fundi, nifungulie. Nangoja chuo kiseme siku ya kuanza."

Barua ilikuwepo. Ilisema asante kwa taarifa yako, tunasikitika kwamba Furaha ameiacha nafasi yake.

"Nani amesema ameiacha?" Mama Furaha akauliza.

Tukaangalia barua zilizotumwa. Pale kulikuwa na barua fupi ya Kiingereza safi, safi kuliko changu, ikisema familia imempangia Furaha jambo lingine. Ilikuwa imetumwa Jumamosi. Na Jumamosi nilikuwa nimemuona vizuri kabisa mutu aliyekaa kwenye komputa ile akiwa na koti na tai: Papa Ngoy, mudogo wa marehemu mume wake. Zamani, kule Pweto, alikuwa karani wa shule, na alikuwa anaandika barua kama mutu anayepiga pasi shati.

Mama Furaha hakulia. Alifunga kitambaa chake upya, akamutuma Furaha amuite. Papa Ngoy alikuja bila kujificha, akakaa kabla ya kukaribishwa.

"Shemeji, uliingia mu imeili yangu?"

"Niliingia mu jina ya mutoto wetu. Ile jina, nani alilitoa? Njo miye. Ndugu yangu alinipa ile heshima, wewe mwenyewe ukapika kuku. Sasa jina nililitoa miye linifungie mulango?"

Nimetembea sana, nimekutana na watu wa sheria wawili watatu, hakuna aliyenipa jibu la swali hilo.

"Na juu ya nini umesema mutoto anakataa masomo?"

"Kuko bwana mu Chisenga, iko na mashua mbili za moteri. Unesi utamupa mashua?"

Furaha alikuwa amesimama karibu na nyavu. Akasema polepole, "Baba mudogo, yule bwana ni wa umri wako."

"Na miye niko muzee?"

Wote tukaangalia nyavu. Heshima ni kitu kizuri.

Ba Chanda akampa mama simu yake, wakapiga chuoni. Kwetu simu ya jambo kubwa inaongelewa kwa spika, ili kila mutu asikie. Ukiweka sikioni, una njama. Kwa hiyo tulisikia sote, Papa Ngoy akiwa wa kwanza. Mama mumoja wa ofisi alisema nafasi haijapewa mutu mwingine. Waandike barua ya kukubali, kutoka anwani ileile, kabla ofisi haijafungwa Ijumaa. Lakini ikifika tena barua ya kukataa, nafasi inakwenda kwa mwingine, na hawatasikiliza tena. "Mambo ya familia muyamalize kwenu," alisema, akakata.

Papa Ngoy akainuka, akanyoosha tai yake. "Barua moya tu," alisema. "Inanitosha."

Tukakimbilia komputa. Mutandao ulikuwa umeondoka. Simu za kuongea zilifanya kazi, lakini imeili hapana. Jumatano hivyo. Alhamisi hivyo. Na kila siku Papa Ngoy alikuja asubuhi, akakaa kwenye komputa ya pili, akangoja na sisi mutandao huohuo.

Nilimuambia Ba Chanda amufukuze.

"Awe," alisema, yaani hapana. "Nikimufukuza ataenda na simu ya mutu, akae ndani ya nyumba yake, na sitamuona. Hapa namuona. Tena analipa."

Basi Alhamisi, bila mutandao, tukafanya kazi yetu. Na hapa ndipo nilipoipenda programu ile ya ndani ya komputa, maana haikujali kama mutandao uko au umekufa. Nikamufungulia Mama Furaha sanduku jipya. Nikaiambia programu itunge neno jipya la imeili, ikatema mustari mzima wa herufi na alama.

Mama Furaha akasogeza uso. "Iko nini hii? Kuku amekanyaga?"

"Ndiyo neno lako la siri, kuanzia mutandao utakaporudi."

"Soma."

"Halisomeki, Mama."

"Mot de passe yangu, na miye siiyue?"

"Hutalijua. Mimi sitalijua. Papa Ngoy hatalijua. Sanduku ndilo linajua."

Akafikiri. "Na mushuhuda ni nani?"

Maana kwetu kitu cha thamani hakiwekwi bila watu wa kushuhudia. Mahari inahesabiwa mbele ya watu, shamba linapimwa mbele ya watu. Mama Furaha alitaka kuita kina mama wawili wa kwaya waje waone ufunguo mukubwa, ili kesho mutu asimugeuke.

"Mama," Ba Chanda alisema, "hawa wa kwaya wataliimba Jumapili."

Hapo akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Lakini kuchagua ufunguo wenyewe kulimushinda. Nilimuambia asichukue jina. Achukue sentensi nzima, ndefu, ya kawaida, ambayo hakuna mutu aliyewahi kuisikia. Vijana, hilo ndilo somo, mulishike: neno fupi la kijanja linavunjika, sentensi ndefu ya moyoni haivunjiki.

"Hakuna kitu yangu batu habajue," alisema. "Nimeishi mu kambi, fundi. Nikikohoa, jirani anauliza dawa gani nimekunywa. Ile mutu pale," akaonyesha Papa Ngoy kwa kidevu, "anajua watoto yangu, kijiji yangu, zaburi yangu, siku nilivunja kikombe cha mama mukwe."

"Kilikuwa cha maua," Papa Ngoy alisema bila kugeuka.

Mama Furaha aliweka mikono juu ya meza kama mutu anayengoja chakula. Kisha akasema, "Geukeni bote." Tukageuka, mimi, Ba Chanda, Furaha, na Papa Ngoy naye akageuzwa kiti chake. Tulisikia kidole kimoja kikitafuta herufi, tap, halafu kimya, tap. Programu inataka uandike mara mbili. Wateja walikuja kununua ndoano wakatukuta tumeangalia ukuta kama watoto wa shule walioadhibiwa.

Ijumaa mutandao haukuja asubuhi. Barua ya kukubali ilikuwa tayari, nimeichapa, Furaha ameisoma. Sanduku limefunguliwa, neno jipya limelala ndani. Kazi ingekuwa kuingia, kubadilisha, kubandika, kutuma. Papa Ngoy alikuwa amekaa kwenye komputa yake, miwani puani, vidole hewani. Alasiri, wakati wa wanawake kuanza kukunja mikeka ya kuanikia chisense, mutandao ukafika.

Na sanduku likajifunga.

Si kosa la mutu. Programu nzuri inajifunga yenyewe usipoigusa dakika kadhaa, na mimi ndiye niliyemusifia Mama Furaha sifa hiyo, kwa hotuba ndefu. Usalama, nilisema. Mwizi akija umesinzia, nilisema. Sasa Mama Furaha alitakiwa aandike sentensi yake yote upya, kwa kidole kimoja, wakati shemeji yake ameshaanza.

"Geukeni," alisema.

Nikageuka. Kwa hiyo nilimuangalia Papa Ngoy. Na Papa Ngoy alikuwa karani wa zamani: asichokitamka hawezi kukiandika. Alitamka jina la Furaha herufi kwa herufi, akaingia. Akaenda mahali pa kubadilisha neno la siri. Akaangalia kushoto na kulia, akashusha sauti kama watu wanavyoshusha sauti kanisani, yaani mpaka kila mutu akasikia herufi za Kifaransa: "En… ge… o… igreki… moya, mbili, tatu."

Akarudia mara ya pili, kama mashine ilivyotaka. Kisha akakunja mikono. "Imekwisha," alitangaza. "Mulango ni wangu. Sasa niandike barua."

Mama Furaha alikuwa amefungua sanduku lake. Akajaribu kuingia kwenye imeili kwa neno la zamani. Ikakataa. Aligeuka, akaniangalia kama mutu anayeangalia mashua ikienda bila yeye. Furaha alikuwa ameshika mulango kwa mikono miwili.

Ba Chanda akatoka mbele kwenye nyavu, akasimama katikati ya duka, akainama kidogo kwa heshima zote.

"BashiNgoy," alimusalimia kwa Kibemba, kwa sauti ya sokoni, "mwapoleni mukwai!"

"Eya mukwai," Papa Ngoy akaitika, macho kwenye skrini. Alikuwa kwenye anwani na tarehe. Barua ya karani haianzi na jambo. Inaanza na salamu kwa mukubwa wa ofisi, kisha samahani ya kuchukua wakati wake.

Mama Furaha aliangalia Ba Chanda, akaniangalia mimi, kisha akamuangalia shemeji yake. Nikamuona anaelewa. Akaandika. Mulango ukafunguka.

Sikuwahi kumuona mutu akinakili na kubandika kwa haraka ile. Neno la kuku likaingia mara moja, likaingia mara ya pili, nikamuonyesha mahali pa kuwatoa wote walio ndani kwenye mashine nyingine, akabonyeza. Barua ya Furaha ikaondoka. Upande wa pili Papa Ngoy alikuwa amefika kwenye "wako mutiifu." Aliisoma barua yake tena, akaongeza koma moja, akabonyeza kutuma. Mashine ikamuuliza yeye ni nani.

Akaandika Ngoy. Ikakataa. Akaandika Furaha. Akaandika jina la baba yao, la mama yao, akawaita watoto wote wa ukoo, wazima na marehemu, mumoja mumoja, kwa sauti. Tulimsikiliza kama ibada.

"Mumeniibia," alisema mwishoni.

"Awe, mukwai," Ba Chanda alijibu. "Umetangaza."

Jibu la chuo lilikuja wiki iliyofuata: Furaha aje, na godoro lake, na ndoo. Baada ya hapo nilitengeneza masanduku mengi pale nyuma ya nyavu. Watu waliokataa kusikiliza hotuba zangu zote walikuja wenyewe, na kila mumoja alisema anataka "kama ya Mama Furaha." Hivyo ndivyo watu wanavyojifunza, vijana. Ninyi pia mutajifunza, siku ile simu yenye uso wenu itakapoanguka ziwani.

Siku ya basi nilikwenda kusindikiza. Papa Ngoy alikuwa amefika kabla yetu, koti, tai, na godoro la Furaha begani. "Mutoto wa ndugu yangu hataondoka kama muyatima," alisema kwa hasira, kana kwamba ni sisi tuliotaka aondoke hivyo. Akalipandisha mwenyewe juu ya basi, akalifunga, akalifungua, akalifunga vizuri zaidi.

Furaha alimushika mama yake mukono. "Mama, na ukifa? Nani atafungua sanduku? Niambie ile sentensi."

"Ni kitu nilimuambia baba yako. Mara moja tu, mu maisha yote."

Papa Ngoy akashuka kwenye ngazi haraka kuliko umri wake. "Na ndugu yangu alijibu nini?"

Mama Furaha akamupa binti yake mufuko wa karanga, akamusukuma taratibu kuelekea mulango wa basi.

"Hakujibu," alisema. "Alikuwa amelala."